Simu ya Upepo katika Lori

Watoto wa Rujewa wameyazoea malori. Baada ya mavuno hupakia mchele wa Usangu na kushika njia kuu. Yaendayo Dar es Salaam hupita Makambako, Mafinga na Iringa, kisha hushuka mlima wa Kitonga. Huko barabara ina mapindo mengi. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, na upande wa pili ni bonde refu. Tuseme lori limeharibika mbele ya pindo. Dereva ajaye nyuma haoni kitu mpaka amekwisha fika. Mzigo wake ni mzito, na breki zimepata moto. Ni nani atakayemwonya?

Wako madereva wawezao kuonyana kwa simu ya upepo, ambayo leo wengi huiita redio koo. Chombo hiki si sawa na simu ya mkononi. Simu ya mkononi hupeleka maneno kwenye mnara, na mnara huyapeleka mbele. Mahali pasipo mnara ni bubu. Tena yakupasa kuijua namba ya yule unayemtaka. Redio ya lori haihitaji mnara wala namba. Hutoa mawimbi yaendayo kwa mwendo wa nuru, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na kila aliye karibu mwenye chombo cha namna ile ile, akiwa amefungua njia ile ile, husikia.

Nchini Marekani serikali iliwatengea raia mawimbi ya namna hii mwaka 1958. Mafuta yalipoadimika mwaka 1973, madereva wa malori waliyatumia sana kuambiana mafuta yapatikanapo. Redio hiyo huitwa sibii. Ina njia 40, na njia ya 9 imewekwa kwa ajili ya wenye shida. Kwetu Tanzania sharti mtu apate kwanza idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa mwaka 2003. Maana mawimbi ni kama barabara, na kila mtu akijiendea apendavyo, watu watagongana.

Sasa tutazame jinsi ya kuiweka. Kwanza, redio na ifungwe mahali ambapo mkono huifikia pasipo macho kuacha njia. Pili, yataka umeme. Redio nyingi za namna hii hutumia volti 12, bali malori makubwa mengi yana volti 24. Basi huwekwa chombo cha kupunguza, la sivyo redio itaungua. Karibu na betri hutiwa fyuzi. Waya ukichubuka na kugusa chuma cha gari, fyuzi hukatika yenyewe, na lori huokoka na moto.

Tatu ni antena, na hii ndiyo kinywa na sikio la redio. Wimbi la sibii lina urefu wa mita 11 hivi, na antena njema ni robo yake, yaani karibu mita 2 na robo tatu. Kwa kuwa fito ndefu hivyo hugonga matawi, mafundi hutumia fupi yenye waya uliozungushwa mara nyingi, nayo husimamishwa juu ya chuma cha gari. Kisha fundi huipima. Antena isiyolingana na wimbi huirudisha nguvu kwenye redio na kuiharibu. Kwa sababu hiyo usibonyeze kitufe cha kusema kabla antena haijaungwa.

Kuitumia ni rahisi, ila kwataka adabu. Sikiliza kwanza. Ukiona kimya, bonyeza kitufe, ngoja kidogo, ndipo useme. Taja wewe ni nani, uko wapi, na kuna nini: “Mimi ni lori la mchele la Rujewa. Niko Kitonga, ninashuka. Lori limeharibika mbele ya pindo. Punguzeni mwendo.” Halafu achia kitufe. Ukisahau kukiachia hutasikia jibu, tena umewaziba vinywa wenzako wote, kwa kuwa katika njia moja husema mmoja tu, na wengine husikiliza. Kama yuko utingo, ni afadhali yeye ndiye aseme, ili dereva ashike usukani kwa mikono miwili.

Wala usidhani kwamba sauti hufika kila mahali. Katika tambarare ya Usangu yaweza kwenda kilomita kadhaa. Mlima ukiingia kati, yaweza kukatika. Kwa hiyo aliyesikia onyo huwapasia walio nyuma yake, naye asiongeze neno wala asipunguze. Na dereva aliyekwama asitegemee redio peke yake. Na aweke alama zake barabarani, kwa kuwa si kila gari lina redio.

Wahenga walisema: Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mtu akitangaza hatari isiyokuwapo kwa mzaha, siku ya pili atakapolia kwa kweli, wenzake watadhani ni mzaha tena, nao hawatapunguza mwendo. Fundi aweza kufunga waya na antena kwa siku moja. Lakini kuaminiwa na wasafiri wenzako hakufungwi na fundi. Hujengwa na ulimi wako mwenyewe, neno kwa neno, safari baada ya safari.