Kisonono cha Koo: Harusi Ilikuwa Imebaki Wiki Nne

Simu iliingia baada ya sala ya Isha, nimeshafunga duka la dawa hapa Ibra. Alikuwa kijana wetu wa Sur, aliyemaliza masomo Malaysia na sasa anafanya kazi Nizwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Harusi yaja mbio."

Akanyamaza. Kisha akasema ana rafiki yake mwenye tatizo. Katika miaka yangu ya kuuza dawa nimewahudumia marafiki wengi wa namna hii, ambao hawaonekani hata siku moja. Nikamwambia, haya, nieleze habari za huyo rafiki.

Miezi miwili kabla, siku zake za mwisho kule masomoni, rafiki alianza kuungua akikojoa na kutoka usaha. Mwenzake wa chumbani akampa vidonge vilivyobaki kwenye mkoba. Baada ya siku chache usaha ukakoma. Sasa alitaka kujua jambo moja tu: amepona?

Nikamuuliza kama yule aliyelala naye alitumia mdomo, na yeye vilevile. Kimya tena. Kisha, kwa sauti ndogo: "Ndiyo, shangazi." Rafiki akawa ameondoka kwenye mazungumzo, tumebaki mimi na yeye.

Wasomaji wangu, najua gazeti hili husomwa na mama na binti yake kwenye kochi moja. Nitasema kwa adabu, lakini nitasema. Kisonono huletwa na bakteria ambayo daktari wa Kijerumani Albert Neisser aliieleza mwaka 1879. Wengi wetu tunaijua kama maradhi ya njia ya mkojo. Lakini bakteria hiyo hukaa popote inapopata ngozi laini yenye unyevu: njia ya mkojo, shingo ya kizazi, njia ya haja kubwa, macho, na kooni. Kooni huingia zaidi kwa ngono ya mdomo. Kwa walio kwenye ndoa ni hivyohivyo, bakteria haiulizi cheti.

Tatizo la koo ni ukimya wake. Watu wengi wenye kisonono cha koo hawasikii chochote. Wachache huwashwa au huumwa koo kidogo, wakadhani ni baridi ya kiyoyozi au vumbi. Kijana wangu alikuwa akisukutua maji ya chumvi na kutafuna karafuu, kama bibi alivyotufundisha. Koo likatulia. Karafuu ni nzuri kwa mengi, ila kisonono haikiondoi, wala dawa ya kusukutua ya dukani.

Koo pia ni gumu kutibu kuliko sehemu nyingine. Dawa nyingi hazifiki pale kwa nguvu ya kutosha. Zaidi ya hapo, kooni kuna bakteria wengine wa ukoo uleule wanaoishi nasi bila madhara, na hao huweza kumpa mgeni vinasaba vya usugu wa dawa. Ndiyo maana vidonge vya kuokoteza ni hatari: vinaweza kutuliza mkojo huku koo limebaki na bakteria aliyejifunza kuishi na dawa. Mwaka 2018 Waingereza walitangaza habari za mwanamume aliyeambukizwa Asia ya Kusini Mashariki. Dawa za kawaida zilishindwa kusafisha koo lake, ikabidi apewe dawa nyingine kali kwa mshipa, hospitalini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya ya kisonono milioni 82 kwa mwaka 2020 peke yake, kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Kwa hiyo kijana wangu hakuwa kioja.

Basi nikamwambia akapime, na apime koo. Hapo ndipo tulipokwama. Zahanati aliyokwenda kwanza ilimpima mkojo tu, ikamwambia yuko safi. Mkojo hausemi habari za koo, na damu pia haisemi. Lazima mtu apanguse nyuma ya koo kwa kijiti chenye pamba, kipelekwe maabara kutafuta vinasaba vya bakteria. Daktari hawezi kujua apanguse wapi kama hukumwambia, na kijana hakuweza kulisema lile neno. Kiswahili chake ni cha nyumbani, cha bibi aliyerudi kutoka Unguja, na cha nyumbani hakina neno hilo. Kiarabu analo, lakini mdomo ulikataa mbele ya daktari aliye rika la baba yake. Nikamwandikia kwenye simu sentensi moja ya Kiarabu: naomba kupimwa kisonono kwenye koo kwa sababu niliwahi kuwa karibu na mtu huko. Akaenda kwingine, akamwonyesha daktari simu. Daktari akasoma, akachukua kijiti. Ilichukua nusu dakika.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa silali. Bibi harusi ni binti wa kaka yangu. Wote wawili wananiita shangazi. Yule msichana nimembeba mgongoni, na Jumatano ile tulikuwa naye soko la wanawake hapa Ibra tukichagua vitambaa, ananiuliza rangi ipi itampendeza. Nikamjibu kijani. Siri ya mgonjwa ni amana, na amana ilikuwa imekaa kifuani kama jiwe. Nilimwambia kijana waziwazi: kama hupimi na hutibiwi, usimguse mwanangu, na usinitegemee kunyamaza. Mpaka leo sijui kama ningetimiza hilo la pili.

Jibu lilirudi baada ya siku tano. Kwenye koo kipo.

Akapigwa sindano ya seftriaksoni kwenye msuli, mara moja. Marekani kipimo cha kawaida ni miligramu 500, Uingereza gramu 1. Nilimkataza kukutana na mtu yeyote kwa siku saba, akacheka kwa mara ya kwanza: "Shangazi, mimi nakaa peke yangu Nizwa, nitakutana na nani?" Lakini sindano haikuwa mwisho. Koo hupimwa tena kati ya siku 7 na 14 baada ya tiba, kuhakikisha limesafika. Alirudi siku ya kumi na nne. Safari hii lilikuwa safi, zikiwa zimebaki siku chache mama zake waanze kupika.

Nyumbani kwao Sur aliogopa pia kwamba amewaambukiza wadogo zake, kwa kuwa wote hula sinia moja. Hapana. Kisonono hakipiti kwenye sinia, kikombe, taulo wala choo. Mabusu ya mdomo ya wapenzi, hilo watafiti bado wanabishana. Mpira wa kondomu hupunguza sana hatari, hata kwa ngono ya mdomo. Na mjamzito mwenye kisonono kwenye njia ya uzazi anaweza kumpa mtoto maradhi ya macho wakati wa kujifungua. Hili la mwisho nililitia mkazo mbele ya kijana, naye akaelewa kwa nini.

Likabaki jambo moja, nalo ndilo alilolipinga kuliko sindano: yule wa Malaysia. Naye huenda anacho kooni, hajui, hana dalili. Kijana akasema wameshaachana, namba ameifuta, aibu. Nikamwambia namba uliyoifuta bado unaikumbuka. Akaandika ujumbe mbele yangu, kwa Kiingereza, mistari mitatu: nimekutwa na kisonono cha koo, nenda ukapime koo, samahani.

Zikatokea tiki mbili za kijivu. Tulikaa tukizitazama mpaka kahawa ikapoa.

Harusi ilifanyika Sur. Nilivaa kijani. Tiki zilikuja kugeuka buluu baada ya wiki, bila jibu.