Kupima Usingizi Mahali Ambapo Usiku Ni Wakati wa Kazi: Usingizi, Ustahimilivu na Ustawi katika Mwambao wa Rumonge na Kabonga, Burundi

1.0 Utangulizi
Katika saikolojia, usingizi huchukuliwa kuwa kiashiria muhimu cha ustawi. Anayelala vibaya kwa muda mrefu huwa katika hatari zaidi ya kupata sonona, na mwenye sonona aghalabu hulala vibaya. Hivyo, namna ya kupima usingizi huchangia kuamua nani atahesabiwa kuwa mgonjwa na huduma zitaelekezwa wapi. Makala haya yanaeleza kwa nini vipimo vilivyozoeleka vinahitaji kurekebishwa kabla ya kutumiwa katika mwambao wa Burundi, kuanzia Rumonge hadi Kabonga, jirani na mpaka wa Tanzania.

2.0 Kipimo na Dhana Zake
Mojawapo ya vipimo vinavyotumiwa sana ni Kipimo cha Ubora wa Usingizi cha Pittsburgh, kilichochapishwa na Daniel Buysse na wenzake mwaka 1989. Majibu ya maswali 19 huzaa alama kati ya 0 na 21. Alama inayozidi 5 huashiria usingizi duni. Mhojiwa huulizwa kwa kawaida alilala saa ngapi usiku na kuamka saa ngapi asubuhi katika mwezi uliopita. Maswali hayo yanachukulia kwamba usingizi ni mmoja, ni wa usiku, na haubadiliki sana mwezi mzima.

Dhana hizo haziwafai wavuvi wa ndagala. Uvuvi huo hufanyika usiku kwa taa zinazovuta samaki, hivyo hushamiri wakati wa giza na kupungua mbalamwezi inapokuwa kali. Mvuvi hurudi alfajiri na kulala mchana, kisha katika siku za mbalamwezi hulala usiku kama watu wengine. Wastani wa mwezi mmoja huchanganya mifumo miwili tofauti. Wanawake wanaonunua na kuanika samaki nao hufuata saa za mitumbwi, ilhali kazi zao za nyumbani haziwaachii usingizi wa mchana. Aidha, "saa nne usiku" ikiandikwa 4 badala ya 22, hesabu yote huharibika.

3.0 Sababu za Kukesha
Hata hivyo, kukesha kote hakutokani na kazi. Mwambao huu ulikumbwa na machafuko ya mwaka 1972, vita vilivyoanza mwaka 1993 na mgogoro wa mwaka 2015, wakati maelfu ya watu walipokimbilia Kagunga, upande wa Tanzania. Waliorejea kutoka uhamishoni wamekabiliwa na migogoro ya ardhi. Katika miaka ya karibuni, kupanda kwa maji ya ziwa kumewahamisha wakazi wa kando yake. Jinamizi la vita, hofu ya mafuriko na zamu ya uvuvi vyaweza kuzaa alama ileile, lakini vinahitaji hatua tofauti.

Wala kuamka usiku si ugonjwa daima. Utafiti wa David Samson na wenzake miongoni mwa Wahadzabe wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2017, uliwafuatilia watu wazima 33 kwa siku 20. Wote walikuwa usingizini kwa pamoja kwa dakika 18 tu katika kipindi chote. Watafiti hao walieleza kwamba tofauti za saa za kulala huenda zililipatia kundi ulinzi.

4.0 Ustahimilivu
Michael Ungar (2008) anauona ustahimilivu kuwa uwezo wa mtu kuzifikia rasilimali za ustawi, pamoja na uwezo wa jamii kuzitoa kwa namna yenye maana katika utamaduni wake. Kwa mtazamo huo, mwenye nyumba iliyofurika hahitaji ushauri nasaha pekee, bali pia mahali salama pa kulala.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo
Hatua nne zinapendekezwa. Kwanza, usingizi uulizwe kwa saa 24, si kwa usiku pekee. Pili, kipindi cha giza na cha mbalamwezi vipimwe mbalimbali. Tatu, kila anayekesha aulizwe sababu, na majibu ya wanawake yachambuliwe peke yake. Nne, maneno ya wenyeji yatumiwe, kama vile *akabonge*, linalotaja hali ya huzuni na kujitenga kwa Kirundi. Bila hatua hizo, mvuvi mwenye afya ataorodheshwa kuwa mgonjwa, na mwenye kiwewe atadhaniwa amechoshwa na kazi tu.