Mshauri wa Masomo Huiona Miaka Minne

Kila mwaka mpya wa masomo, wanafunzi wa mwaka wa kwanza huteremka Nchiru, kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Wengine huishia Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati yake ya kujitegemea mwaka wa 2016. Shuleni walizoea kengele, ratiba ya ukutani na mwalimu wa zamu. Chuoni wanaambiwa wajisajilie uniti zao wenyewe, tena kabla ya tarehe fulani.

Hapo ndipo mshauri wa masomo anapohitajika. Kwetu Kenya huwa ni mhadhiri aliyekabidhiwa kundi la wanafunzi wa idara yake. Yeye si mnasihi, ingawa mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua kwamba kijana anahitaji mnasihi.

Kazi yake kubwa ni kuona mbali. Uniti hufuatana: ya muhula wa kwanza huwa msingi wa nyingine mbili tatu za mwaka wa pili. Isitoshe, uniti nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Anayefeli mtihani, kisha akafeli na sapu, yaani mtihani wa marudio, husubiri mwaka mzima, na zinazoitegemea uniti hiyo zinasubiri pamoja naye. Mwanafunzi huhesabu kwamba amefeli somo moja, lakini mshauri aliyeifungua ramani ya kozi anaona kwamba mahafali yenyewe yamesogea, na bado kuna nafasi ya kupanga upya.

Chukua anayesomea ualimu. Kwa kawaida Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) humtaka mwalimu wa sekondari mwenye shahada awe na wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na C+ katika kila somo kati ya mawili atakayofundisha. Mwanafunzi akichoshwa na kemia, akahamia biolojia aliyopatia C ya kawaida, anaweza kufaulu vizuri chuoni kisha akwame kwenye usajili wa TSC. Dakika kumi mbele ya mtu anayelijua sharti hilo zingemwokoa. Mimi naona huu ndio ushauri wenye thamani kuliko hotuba zote za wiki ya kuwakaribisha wageni.

Karo nayo ina majira yake huku. Familia nyingi za Imenti na za Runyenjes husubiri bonasi ya majani chai, ambayo huja karibu Oktoba, wakati masomo yameshaanza. Asiyelipa huenda asisajiliwe, na asiyesajiliwa hufanya mtihani kwa wasiwasi kisha alama zake hazionekani. Mshauri hana pesa za kumpa. Anachoweza ni kumtuma mapema kwa ofisi ya fedha aombe kulipa kwa awamu, kumkumbusha kwamba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) huombwa upya kila mwaka, na ikibidi, kumwonyesha namna ya kuahirisha masomo rasmi badala ya kutoweka tu.

Nchini Marekani kazi hii ina wataalamu walioajiriwa kwa ajili yake. Chama chao, NACADA, kilianzishwa mwaka wa 1979. Mhadhiri wetu huifanya juu ya kufundisha, kusahihisha na kusimamia tasnifu, mara nyingi bila saa iliyotengwa. Idara zimpunguzie vipindi, na kila mwanafunzi ajue jina la mshauri wake na mlango wa ofisi yake kabla usajili wa uniti haujafunguliwa.