BEI YA TIKETI SIYO BEI YA SAFARI



Mwezi uliopita mama mmoja aliyehitimu kisomo katika kituo chetu alikuja na karatasi mbili mkononi. Binti yake anaishi Toronto, nchini Kanada, na anatazamia kujifungua mtoto wa kwanza. Amemwomba mama yake aende kumsaidia wakati wa uzazi. Binti ametuma nusu ya nauli. Nusu ya pili imetoka nyumbani. Wameuza ng'ombe wawili na mahindi ya akiba.

Tulimwamkia, akaitikia. Kisha akasema, "Haya walimu, nisomeeni hizi. Wakala wa mjini kanipa safari mbili. Moja rahisi, moja ghali. Si nichukue hiyo rahisi?"

Tukamjibu, "Mama, kusoma unajua. Kaa, usome mwenyewe. Sisi tutakuuliza maswali tu."

Basi akasoma, na darasa zima likasikiliza. Tulijifunza mengi siku ile. Tunayaandika hapa kwa sababu siku hizi watu wa vijijini nao hupanda ndege kwenda ng'ambo. Wengine huenda kuona watoto wao, wengine kutibiwa, wengine kuhiji. Nauli yao ni jasho la watu wengi. Ikipotea, haipatikani tena kwa urahisi.

NJIA NI IPI?

Kutoka Dar es Salaam hadi Toronto ni zaidi ya kilomita 12,000. Hakuna ndege inayotoka Dar es Salaam ikaenda Toronto bila msafiri kubadili ndege. Kwa hiyo kuchagua shirika la ndege ni kuchagua pia mji wa kubadilia. Shirika la Ethiopian hupitisha abiria wake Addis Ababa. Emirates hupitia Dubai. Qatar Airways hupitia Doha. Turkish Airlines hupitia Istanbul.

Njia hizi hazilingani. Dubai iko upande wa mashariki, na Kanada iko magharibi. Ni kama mtu wa Morogoro anayekwenda Dodoma lakini anaanza kwa kwenda Chalinze. Atafika, ila kwanza amerudi nyuma. Kutoka Dubai hadi Toronto peke yake ni kama saa 14 angani. Hiyo haina maana kwamba njia hiyo ni mbaya. Huenda bei yake ni nzuri na muda wa kungoja ni mfupi. Lakini ujue kabla ya kulipa.

Jambo jingine ni maneno ya wakala. Akikuambia "ndege ni moja tu mpaka mwisho," muulize, "Je, inatua njiani?" Uwanja wa Addis Ababa uko juu mlimani, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi. Ndege nzito iliyojaa mafuta hupata taabu kuruka. Kwa sababu hiyo baadhi ya ndege ziendazo Amerika kutoka hapo hutua mahali pengine kuongeza mafuta. Abiria habadili ndege, lakini saa zinaongezeka.

TIKETI MOJA AU MBILI?

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mama yetu aliposoma ile karatasi ya bei rahisi, aliona mashirika mawili na namba mbili za tiketi. Maana yake ni kwamba wakala alitaka kumuuzia safari mbili zilizowekwa pamoja.

Tofauti ni nini? Ukiwa na tiketi moja kwa safari nzima, na ndege ya kwanza ikachelewa hata ukaikosa ya pili, ni kazi ya shirika kukutafutia ndege nyingine mpaka ufike. Ukiwa na tiketi mbili mbalimbali, shirika la pili litasema, "Hukuja kwa wakati." La kwanza nalo litasema, "Sisi tumekufikisha tulipokubaliana." Na wewe uko katikati, nchi ya watu.

Tunamjua ndugu mmoja aliyepatwa na jambo hilo. Alinunua tiketi mbili ili aokoe fedha. Ndege yake ya kwanza ilichelewa saa nne. Ya pili ikaondoka. Alilala uwanjani siku mbili, hapa nyumbani ndugu zake wakipita tena nyumba kwa nyumba kuchanga nauli mpya.

Tena kwa tiketi mbili mara nyingi mzigo hauendi moja kwa moja. Inabidi uuchukue katikati na kuukabidhi upya. Ili uufikie, huenda ukatakiwa kuingia katika nchi ile. Bila viza hutaruhusiwa. Na zipo nchi zinazodai viza kwa raia wa nchi fulani hata kama wanabadili ndege tu. Kwa hiyo kwa kila mji unaopitia, uliza: "Mwenye pasi ya Tanzania anahitaji viza hapa?"

HESABU YA KWELI

Sasa tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu.

Tiketi ya kwanza ni shilingi 3,200,000. Haina mzigo wa pili, na kungoja katikati ni saa 19.
Nauli: 3,200,000
Mzigo wa pili: 250,000
Malazi: 180,000
Chakula: 60,000
Jumla: 3,690,000

Tiketi ya pili ni shilingi 3,600,000. Mizigo miwili imo, na kungoja ni saa tatu.
Jumla: 3,600,000

Ile iliyoitwa rahisi imezidi kwa shilingi 90,000. Wazee walisema rahisi ni ghali. Lakini msiseme kwamba kila cha ghali ni kizuri. Pigeni hesabu kila mara, maana mara nyingine rahisi ni rahisi kweli.

Kuhusu mzigo, soma idadi na uzito. Shirika moja huruhusu mizigo miwili ya kilo 23 kila mmoja. Jingine, au hata shirika lile lile kwa tiketi ya bei ya chini, huruhusu mmoja tu. Mkoba wa mkononi mara nyingi hauzidi kilo 7. Pimeni nyumbani, hata kwa mizani ya duka. Na kama unapeleka dagaa au unga, umtajie ofisa wa forodha kila chakula utakapofika. Usifiche.

SAA ZA TIKETI

Hapa ndipo watu wengi hukosa ndege. Tiketi haihesabu saa kama sisi. Siku ya tiketi huanza katikati ya usiku, saa sita. Saa zake huandikwa kuanzia 00:00 mpaka 23:59. Saa 13:00 ya tiketi ni saa saba mchana kwetu. Saa 01:30 ni saa saba na nusu usiku.

Sasa angalieni. Karatasi ya mama iliandikwa: tarehe 15, saa 03:40. Tukamuuliza, "Mama, utakwenda uwanjani lini?"

Akajibu, "Tarehe 15 usiku, baada ya chakula."

Darasa likanyamaza. Kisha mzee mmoja akasema, "Dada, utakuta ndege imeshaondoka jana yake."

Ndivyo ilivyo. Saa 03:40 ya tarehe 15 ni saa tisa na dakika 40 usiku, usiku ule unaoanza jioni ya tarehe 14. Kwa safari ya ng'ambo inafaa ufike uwanjani saa tatu kabla. Kwa hiyo mama anatakiwa awe uwanjani kabla ya saa saba usiku. Atoke nyumbani kwa mwenyeji wake mjini tarehe 14, baada ya chakula cha jioni.

Jambo la pili: saa ya kufika huandikwa kwa saa za huko uendako. Usitoe tu. Wakati wa baridi Toronto iko nyuma ya Dubai kwa saa tisa, na nyuma yetu kwa saa nane. Tuseme ndege inaondoka Dubai 03:30 na kufika Toronto 08:30. Ukitoa unapata saa tano. Ongeza zile tisa. Safari ni saa 14.

USALAMA NA AFYA

Watu huuliza, "Shirika lipi ni salama?" Kuna njia ya kuchunguza. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya hutangaza orodha ya mashirika ya ndege yasiyoruhusiwa kuruka katika nchi zake kwa sababu za usalama. Mwezi Juni 2025 mashirika yote yaliyopewa vyeti nchini Tanzania yaliingizwa katika orodha hiyo. Maana yake si kwamba kila ndege yetu ni mbovu. Umoja huo haukuridhika na jinsi usimamizi wa usalama unavyofanywa. Orodha hiyo hubadilishwa mara kwa mara, basi mwombeni kijana mwenye simu ya intaneti awasomee iliyo mpya kabla ya kulipa.

Afya nayo ichaguliwe pamoja na ndege. Kukaa saa nyingi bila kusogeza miguu kunaweza kugandisha damu katika mishipa ya miguu. Damu hiyo ikipanda mapafuni ni hatari kubwa. Inuka, tembea, nyoosha miguu, kunywa maji. Mtu aliyewahi kupata ugonjwa huo, aliyepasuliwa karibuni, au mwenye mimba amwone daktari kwanza. Kwa mama mjamzito, mashirika mengi hudai barua ya daktari baada ya wiki 28, na mengi hukataa kumchukua baada ya wiki 36. Dawa za presha au sukari zikae katika mkoba wa mkononi, wala si katika mzigo mkubwa.

Mama yetu hajui Kiingereza na goti lake linauma. Tukamwambia asione haya. Mashirika makubwa hutoa mtu wa kumwongoza mzee na kiti cha magurudumu bila malipo. Lakini liombwe mapema, angalau siku mbili kabla. Muulize wakala: "Shirika hili litampokea mama yangu mlangoni na kumpeleka mpaka ndege ya pili?" Jibu la swali hilo linaweza kuwa na thamani kuliko punguzo la nauli.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Fanyeni mambo haya:

1. Soma jina lako katika tiketi, herufi kwa herufi, ukilinganisha na pasi. Mwajuma na Mwanajuma ni watu wawili mbele ya ofisa.

2. Soma miji. Kila uwanja una herufi tatu. DAR ni Dar es Salaam, ADD ni Addis Ababa, DXB ni Dubai, DOH ni Doha, IST ni Istanbul. Toronto ni YYZ.

3. Kuwekewa nafasi si kununua tiketi. Wakala anaweza kukupa alama sita za herufi na tarakimu hata kabla hajalipa shirika. Dai namba ya tiketi yenyewe, ambayo ina tarakimu 13. Kisha piga simu au nenda ofisi ya shirika, uhakikishe.

4. Uliza: "Nikinyimwa viza, nitarudishiwa kiasi gani?" Kama jibu ni "hakuna," ngoja viza kwanza.

5. Dai stakabadhi. Fedha bila stakabadhi ni maneno tu.

6. Tunza kile kipande cha karatasi ya mzigo. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, mzigo ukiharibika, malalamiko yaandikwe ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Ukichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipoupata. Kulalamika kwa mdomo hakutoshi. Hapo ndipo kalamu yako inapokuwa mali.

MAMA ALICHAGUA NINI?

Alichukua ile ya pili, yenye tiketi moja. Hakuichagua kwa kuwa sisi tulimwambia. Alipiga hesabu ubaoni mbele ya wenzake. Kisha akarudi kwa wakala na maswali yake yameandikwa katika daftari. Wakala akashangaa, akamuuliza, "Nani kakuandikia haya?"

Akajibu, "Mkono huu huu."

Katika ukurasa wa mwisho wa daftari ameandika kwa herufi kubwa: TAREHE 14, SAA SABA USIKU NIWE NIMESHAFIKA. Anaamini mjukuu wake atapokelewa na bibi. Na sisi tunaamini hivyo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini tiketi mbili mbalimbali zinaweza kumtia msafiri hasarani?
2. Tiketi imeandikwa tarehe 8, saa 02:15. Kwa saa zetu ni saa ngapi? Msafiri aende uwanjani jioni ya tarehe ngapi?
3. Tiketi moja ni shilingi 2,900,000, mzigo ni 300,000 zaidi na malazi ni 200,000. Nyingine ni shilingi 3,300,000 na mzigo umo, wala hakuna malazi ya kulipia. Ipi ni nafuu, na kwa kiasi gani?
4. Je, katika kijiji chenu yupo mtu anayejiandaa kwenda ng'ambo? Msomeeni makala haya kabla hajalipa.