Matumbawe sebuleni Birmingham: hatari ya hita isiyozimika

Anayefuga matumbawe katika nchi ya baridi hana budi kuyapasha maji joto. Lakini kifaa kile kile kinachoyapa matumbawe uhai kinaweza kuyaangamiza katika usiku mmoja, iwapo hakikuchaguliwa na kudhibitiwa kwa uangalifu.

Mji wa Birmingham, ulio katikati ya Uingereza, hauna pwani. Unajulikana zaidi kwa viwanda vyake na kwa mifereji ya maji inayokatiza mitaa yake. Hata hivyo, tangu mwaka 1996 wakaazi wake wamekuwa wakitazama viumbe wa bahari za mbali katika kituo cha National Sea Life Centre, kilichoko eneo la Brindleyplace kando ya mfereji, na wapo wanaofuga samaki wa bahari ya joto pamoja na matumbawe katika matangi ya kioo majumbani mwao.

Kwa mtu aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja, si ajabu kuona tumbawe hai. Ajabu ni kuliona sebuleni, mwezi wa Januari, wakati nje maji yameganda kuwa barafu. Kinachowezesha jambo hilo ni hita, kifaa chenye umbo la kijiti kinachozamishwa majini na kuunganishwa na umeme.

Joto la kiasi

Matumbawe ni wanyama, ingawa wengi huyadhania kuwa mawe au mimea. Ndani ya mwili wake tumbawe huhifadhi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Maji yakipata joto kupita kiasi, ushirika huo huvunjika, mwani hutolewa nje, na tumbawe hubaki jeupe. Hali hiyo huitwa kupauka, na ikidumu tumbawe hufa.

Pwani ya Afrika Mashariki inalijua vyema jambo hilo. Mwaka 1998, joto la bahari lililoandamana na El Niño liliipausha miamba ya Bahari ya Hindi, na sehemu kubwa ya matumbawe hai ya Kenya na ya baadhi ya maeneo ya Tanzania ikafa. Mwezi Aprili mwaka 2024, idara ya Marekani ya masuala ya bahari na anga, NOAA, ilithibitisha kuwa dunia ilikuwa imeingia katika wimbi la nne la kupauka kwa matumbawe.

Baharini, kiasi cha nyuzi moja tu juu ya joto la kawaida la mwezi wenye joto zaidi, kikidumu kwa wiki kadhaa, kinatosha kuanzisha kupauka. Ndiyo maana wafugaji wengi huyaweka maji ya tangi kati ya nyuzi 24 na 27 za Sentigredi, na hujitahidi yasipande wala kushuka ghafla.

Joto lililodhibitiwa vizuri lina manufaa makubwa. Jumba la makumbusho la Horniman mjini London liliiga majira ya bahari ndani ya matangi yake, yaani joto, mwanga wa jua na hata mwanga wa mwezi, na mwaka 2013 matumbawe yake yakataga mayai. Mfugaji wa nyumbani hatarajii kufika huko, lakini kanuni ni ile ile.

Hita ya ukubwa gani?

Kanuni inayotumiwa na wengi ni wati moja kwa kila lita moja ya maji. Tangi la lita 200, kwa hiyo, huhitaji takriban wati 200. Lakini kanuni hiyo ni ya kuanzia tu. Jambo la msingi ni tofauti kati ya joto la maji na joto la chumba. Katika sebule yenye nyuzi 20, hita inafanya kazi ndogo. Katika chumba ambacho joto huzimwa usiku na kushuka hadi nyuzi 14, kazi hiyo huongezeka karibu mara mbili.

Gharama nayo si ndogo. Hita za wati 200 zikiwaka kwa jumla ya saa 10 kwa siku hutumia uniti 2 za umeme. Kwa bei ya Oktoba mwaka 2022, wakati serikali ya Uingereza ilipoweka kikomo cha wastani wa peni 34 kwa uniti, hiyo ilikuwa zaidi ya pauni 20 kwa mwezi. Kifuniko cha tangi na ubao wa kuzuia joto nyuma na chini yake hupunguza gharama hiyo.

Mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa

Wanunuzi wengi huuliza ni hita ipi isiyoharibika. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: hita ikiharibika, kutatokea nini?

Ndani ya hita nyingi mna themostati, yaani swichi inayowasha na kuzima yenyewe kulingana na joto. Katika hita nyingi, swichi hiyo ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Kila vinapogusana, cheche ndogo huweza kutokea. Baada ya kuwaka na kuzimika mara maelfu, vipande hivyo vinaweza kugandana. Hapo hita huwaka bila kikomo.

Hesabu yake ni rahisi. Ili kupandisha joto la lita 200 za maji ya chumvi kwa nyuzi moja, hita ya wati 300 huhitaji takriban dakika 45, kabla ya kuhesabu joto linalopotea. Ikigoma kuzimika saa nne usiku, mwenye nyumba anaweza kuamka alfajiri na kukuta maji yamepanda kwa nyuzi kadhaa na matumbawe yameanza kufa.

Hita mbili za wati 100 kila moja hubadilisha hali hiyo. Moja ikigoma kuzimika, ile nyingine hujizima yenyewe, na wati 100 peke yake hupandisha joto polepole, au katika chumba cha baridi hutosha tu kulidumisha. Moja ikifa kabisa, iliyobaki huchelewesha baridi mpaka mwenye tangi agundue.

Hita za kioo ni za bei nafuu, lakini hupasuka zikiwaka nje ya maji. Hita za madini ya titani hazipasuki, ila nyingi hazina themostati ya ndani, hivyo hutegemea kabisa kidhibiti cha nje. Aina yoyote ile, wafugaji wengi huibadilisha baada ya miaka michache, hata kama bado inafanya kazi.

Mlinzi wa pili

Kidhibiti cha nje ni kisanduku kinachokaa kati ya plagi ya hita na soketi ya ukutani. Waya wake wenye kitambuzi cha joto huzamishwa tangini, nacho hukata umeme maji yanapofikia kiwango kilichopangwa.

Ili walinzi wawili wasaidiane, viwango vyao havipaswi kulingana. Kidhibiti cha nje kinaweza kupangwa kuzima kwenye nyuzi 25.5, na themostati ya hita yenyewe kwenye nyuzi 26.5. Siku za kawaida kidhibiti ndicho hufanya kazi. Kikigoma, themostati ya hita huzuia maji yasipite nyuzi 26.5. Ajali hutokea tu endapo vyote viwili vitaharibika kwa wakati mmoja.

Lakini mlinzi huyo naye ana udhaifu wake. Kitambuzi kikichomoka majini hupima hewa ya chumba, hudhani maji yamepoa, na huamuru hita iendelee kuwaka. Kinapaswa kufungwa imara, chini kabisa ya usawa wa maji. Kipimajoto cha pembeni, kisichohusiana na kidhibiti, ndicho hufichua uongo wa vifaa vingine.

Umeme na maji ya chumvi

Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi. Hita iliyopasuka inaweza kuyatia umeme maji yote ya tangi, na mkono wa anayesafisha ukawa njia ya umeme huo.

Kwa hiyo tangi linapaswa kulindwa na swichi ya kinga, ile inayokata umeme papo hapo ikigundua uvujaji wa miliampea 30. Fyuzi pekee haitoshi, kwani kazi yake ni kulinda waya, si mwili wa binadamu. Hata hivyo iwe ya kiwango sahihi: hita ya wati 300 hutumia takriban ampea 1.3, hivyo fyuzi ya ampea 3 inatosha, na ile ya ampea 13 ni kubwa mno.

Waya uachwe uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda tena, ili matone ya maji yadondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Kabla ya kutia mkono tangini au kupunguza maji, hita ichomolewe na iachwe ipoe kwa dakika 15.

Wakati wa kubadili maji pia ni wa kuangaliwa. Katika tangi la lita 200 lenye nyuzi 25, kubadili lita 20 kwa maji ya nyuzi 10 hushusha joto lote kwa nyuzi 1.5 mara moja. Maji mapya hupashwa kwanza kwenye ndoo.

Joto likizidi

Tarehe 19 Julai mwaka 2022, Uingereza ilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake, pale kituo cha Coningsby kilipopima nyuzi 40.3. Siku kama hiyo hita haina msaada, kwani haiwezi kupoza. Vidhibiti vingine huwa na soketi mbili, moja ya hita na nyingine ya feni inayopuliza juu ya maji. Feni huongeza uvukizi, na maji yaliyopotea hurudishwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi hubaki tangini.

Hali hiyo ndiyo ya kila siku kwa wafugaji wa Dar es Salaam au Muscat. Nairobi na Arusha, ambako usiku wa Julai huwa na baridi, hita bado inahitajika. Na kwa kuwa Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya pini tatu yenye fyuzi kama ile ya Uingereza, tahadhari zilizotajwa zinafaa huko pia.

Lipo jaribio moja lisilohitaji fundi, linaloweza kufanywa kila mwezi. Hita ikiwa inawaka, kitambuzi cha kidhibiti hutolewa tangini na kutiwa katika kikombe cha maji ya nyuzi 28. Taa ya hita ikizimika, mlinzi yu macho. Isipozimika, kidhibiti kichomolewe na kibadilishwe siku hiyo hiyo, kabla ya usiku kuingia.