Rangi za Ramani za Kale

Karibu na Rutamba, katika nchi ya Lindi, liko ziwa. Maji yake hubadili sura kwa saa na kwa majira, lakini katika ramani maziwa hutiwa rangi ya buluu siku zote. Basi rangi ya ramani si lazima ifanane na kitu chenyewe. Mara nyingi ni alama tu.

Mabaharia wa Bahari ya Kati walilijua jambo hili tangu zamani. Katika ramani zao za karne ya 14 na ya 15, zilizochorwa juu ya ngozi, majina ya bandari kubwa yaliandikwa kwa wino mwekundu, na ya bandari nyingine kwa wino mweusi. Mistari ya pepo nane kuu ilikuwa myeusi. Ya pepo za katikati, ya kijani. Na iliyo midogo zaidi, myekundu. Hivyo nahodha aliufuata mstari wake asiuchanganye na mwingine. Rangi ikikosewa, chombo huweza kwenda mrama.

Kilwa nayo ilitiwa rangi, lakini kwa njia nyingine. Mwaka wa 1572 kilitolewa huko Köln, katika Ujerumani, kitabu cha picha za miji. Mtungaji wake alikuwa Georg Braun, na mchongaji Frans Hogenberg. Katika ukurasa mmoja imo Kilwa, pamoja na Mombasa, Sofala na Aden. Picha hizo zilipigwa chapa kwa bamba la shaba na wino mweusi. Kisha wapakaji walizitia rangi kwa mkono, ila nakala nyingine ziliachwa vivi hivi. Kwa hiyo nakala mbili za Kilwa huweza kutofautiana rangi, ingawa mistari yake ni ile ile.

Nyumba kubwa za Kilwa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mapaa yake yalikuwa bapa, juu ya boriti. Mpakaji aliyekaa Ulaya hakuwa na nyumba hizo mbele ya macho yake. Akiyapaka mapaa rangi nyekundu, alifuata vigae vya kwao, na mnunuzi asiyejua husadiki kuwa ndivyo Kilwa ilivyokuwa.

Basi asomaye ramani na aulize kwanza: Rangi hii ni alama, ni mfano wa kitu chenyewe, ama ni pambo? Rangi ya baharia ilimfikisha bandarini. Rangi ya Köln ilimpendeza mnunuzi. Magofu ya Kilwa Kisiwani yangaliko, na mawe yake yaonyesha rangi yake yenyewe.