Kengele moja yatosha kuiamsha kompyuta

Na Mwandishi Wetu

Kompyuta moja kubwa huweza kubeba kompyuta pepe nyingi, ambazo vifaa vyake si vya chuma bali huigizwa na programu. Herufi iliyochapwa inapofikia kifaa cha namna hiyo, hutumwa ishara ya kukatiza, mfano wa kengele ya mlangoni, ili kompyuta pepe iache shughuli yake na kuipokea. Ishara ikipotea, kazi huweza kukwama.

Katika vm-superio, maktaba ya programu ya mradi wa rust-vmm, kifaa hujua amri moja tu: piga kengele. Namna ya kuifikisha ishara huachiwa mtumiaji wa maktaba. Hivyo njia hiyo ikibadilika, programu ya kifaa haiguswi, na mianya ya makosa hupungua.